Pinki Mbili za Chumba cha Uani

4 Februari 2018

Mdogo wangu,

Leo ni tarehe nne Februari, na huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke nyumbani. Sikukusudia kuhesabu. Kalenda iliyo ukutani kwangu imetolewa na duka la miwani, na namba zake ni kubwa kiasi kwamba mtu akikaa kunywa chai hana budi kuzisoma.

Salamu zenu zimefika. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi limejitenga nami na linafanya mambo yake. Mpe pole shemeji kwa jino. Mwambie mtu wa umri wake huling'oa, halibembelezi.

Sasa tuje kwenye bahasha yako. Niliifungua nikitarajia picha za familia, nikakuta vipande viwili vya karatasi vilivyopakwa rangi, kila kimoja ukubwa wa kiganja, nyuma umeviandika moja na mbili kwa penseli. Pamoja navyo barua ya mistari michache, kana kwamba wino umepanda bei: "Kaka, chagua. Ya kwanza inaitwa Haya ya Bibi Harusi, ya pili Shavu la Malaika. Ni za chumba. Jibu upesi, fundi anasubiri."

Nimefanya kazi maktaba maisha yangu yote. Vitabu vibaya nimevisoma, vingine nimevipa namba na kuvipanga kwenye rafu kwa mikono yangu. Lakini sijapata kuona uandishi mbovu kama wa watu wanaoyapa majina makopo ya rangi. Bibi harusi gani ana haya ya namna hii? Hii si haya, huu ni ufizi. Tena ufizi wa meno ya bandia, yale yanayolazwa kwenye glasi ya maji. Jirani yangu wa ghorofa ya chini anayo. Jana alicheka mbele yangu kwenye ngazi, nikapata nafasi ya kulinganisha. Hazitofautiani.

Na huyo malaika, kama shavu lake ndilo hili, apelekwe kwa daktari wa ngozi. Ni rangi ya ile dawa ya maji ya tumbo la watoto, iliyosahauliwa wazi mpaka ikashika vumbi. Pinki, mdogo wangu, ni nyekundu iliyokosa msimamo. Mtu akitaka nyekundu aseme nyekundu, akitaka nyeupe anyamaze apake nyeupe.

Halafu hukusema ni chumba gani. Nyumba ya baba naijua. Sebule ni ya shemeji na televisheni yake. Chumba kikubwa mnalala nyinyi. Cha kati, bintiyo alipoolewa, ulikigeuza karakana ya cherehani. Kinabaki cha uani, na cha uani ni changu. Natumaini si hicho. Nilikiacha kikiwa bluu, na nitakaporudi natarajia kukikuta bluu.

Kaka yako


27 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika imelowa kona moja, lakini dharau zote zilikuwa kavu kabisa.

Sisi wazima. Shemeji yako kang'oa jino, na sasa analiweka mfukoni, kila mgeni anaonyeshwa. Jirani wa mbele kajenga ukuta, kwa hiyo dirisha la sebule siku hizi linatazama matofali. Mimi nina sare za shule za kushona mpaka naota kola. Binti yangu anakusalimu. Yupo hapa kwa siku chache.

Umejaza kurasa mbili kutukana makopo. Nilimsomea shemeji yako pale pa ufizi, akacheka mpaka akashika shavu. Akasema, "Huyu ndugu yako humwulizi saa bila kukueleza kwanza historia ya saa." Nikamwambia anyamaze, anayeruhusiwa kukusema ni mimi.

Umeuliza chumba gani. Chumba ni chumba. Kina kuta nne, dirisha na mlango. Nimekuuliza neno moja na wewe umenijibu kitabu. Moja au mbili? Ungekuwa unapokea simu jambo hili lingekwisha kabla chai haijapoa, lakini Bwana Maktaba hapokei simu. Anasema simu inamlazimisha mtu kujibu kabla hajafikiri. Na picha ya simu pia huitaki, unasema hiyo ni picha ya rangi, si rangi. Basi nimekata karatasi, nimepaka, nimelamba stempu. Sasa fikiria ujibu.

Fundi tuliyempata ni yule wanayemwita Mkono Mmoja. Usidhani amekatika mkono. Mikono anayo yote, ila rangi huipaka mkono mmoja, yaani mara moja tu, halafu anaapa kwamba amepaka miwili. Kila asubuhi anapita na ngazi begani.

"Mama Mishono, kaka kasemaje?"

"Kasema ufizi."

"Ufizi ndiyo ipi, ya kwanza au ya pili?"

Nikamwambia jibu liko posta. Nipe wewe.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba jino limetoka, ingawa sikujua litaanza maisha mapya. Huku lifti ya jengo letu ilitengenezwa, ikaharibika siku ileile, nadhani kwa aibu. Napanda ngazi kidogo kidogo na kupumzika kila ghorofa mbele ya milango ya watu, nikijifanya nasoma matangazo.

Umesema bintiyo yupo kwa siku chache. Vizuri. Mpe salamu, yeye na mumewe.

Kwa kuwa unataka jibu, nimelifanya jambo hili inavyopaswa. Nimevibandika vipande vyako ukutani kando ya dirisha, nikavitazama asubuhi, nikavitazama mchana, nikavitazama chini ya taa. Ya kwanza asubuhi ni ufizi, hilo tulikwisha kubaliana. Mchana ni sabuni iliyosahauliwa juani. Chini ya taa inakuwa uso wa mtu aliyeulizwa jambo na anatafuta uongo. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu ina unafiki: kwa mbali unaona pinki, ukisogea unaona ukahawia umejificha chini yake, kama matope chini ya zulia. Aliyeitengeneza ni tapeli. Amechanganya udongo akauita malaika. Ningekuwa wewe ningerudisha kopo dukani na kulitua juu ya meza bila kusema kitu.

Kwa ufupi, mtu mzima anayetaka kulala ndani ya rangi kama hizi ana kasoro, ama ya macho ama ya malezi.

Na swali langu hukulijibu, kwa hiyo jibu nimelipata. Ni chumba changu. Mtu hafichi jina la sebule.

Sasa nisikilize. Kile chumba nakijua kuliko hiki ninachoandikia. Najua dirisha lake linavyokwama wakati wa mvua mpaka ulisukume kwa kiganja upande wa chini. Rafu niligonga mwenyewe, ya juu imeinama kidogo kulia kwa sababu ubao ulikuwa mbichi. Nyuma ya mlango kuna msumari wa koti. Bluu niliichagua mimi na kuipaka mimi. Kiache kilivyo. Nitakapokuja nitahitaji pa kulala, na sitalala ndani ya ufizi.

Kaka yako


11 Aprili

Kaka,

Shikamoo, ingawa leo naitoa shingo upande.

Kwanza habari ya matope. Vile vipande nilivikata kwenye karatasi ya kahawia, ile ninayochorea mitindo ya nguo, kwa sababu ndiyo karatasi iliyojaa kwangu. Nikapaka mara moja, tena kwa brashi ya gundi. Ukahawia uliouona ni karatasi. Umeipeleka dirishani, umeitazama asubuhi na mchana na taa, umeiita mnafiki na tapeli, na kumbe ni karatasi yangu ya kukatia mikono ya mashati. Kosa la kupaka ni langu, sikatai. Lakini nilicheka, kaka, mpaka mashine ikanikimbia. Nikamweleza Mkono Mmoja kwamba karatasi ilipakwa mara moja tu, ndiyo maana huko rangi imekataliwa. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Kuna mafundi wabaya, mama."

Nakuletea vingine. Safari hii karatasi nyeupe, mikono miwili.

Sisi wazima. Binti yangu bado yupo.

Pili, ndiyo, ni chumba cha uani. Umeshajua, basi tuache kuzungukana. Sheria ya baba naamini hujaisahau, maana mambo ya kukufaa husahau. Mwenye chumba ndiye anayechagua rangi, hakuna wa kumchagulia, awe mkubwa, awe mdogo. Ndiyo maana mama alilala miaka yote kwenye kijani kile cha zahanati na baba hakufungua mdomo. Ndiyo maana wewe ulipopaka bluu yako ikaingia mpaka kwenye bawaba na kitasa, baba alisimama pale mlangoni, akameza mate, akasema, "Chumba ni chake," akaenda zake. Hakuna nyumba nyingine mtaani yenye ujinga kama huo, kila chumba kinagombana na mwenzake, lakini ndivyo tulivyolelewa.

Kwa hiyo usinijie na maneno ya kunyang'anywa. Ningetaka kukunyang'anya ningepaka zamani, usingejua, ungejulia wapi? Nimekuuliza kwa sababu mwenye chumba ni wewe. Siwezi kukipaka bila neno lako, na siwezi kukiacha hivi. Hiyo bluu unayoililia imebanduka. Chini ya dirisha imetoka vipande vikubwa, ukipitisha mkono inakufuata. Uliipaka bila kukwangua ya zamani. Nasema tu, kwa kuwa tunazungumzia mafundi.

Tatu, kasoro ya malezi. Malezi hayo ni yangu. Hapo ukanyage taratibu.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tuko salama. Lifti inafanya kazi kwa siku inazotaka yenyewe.

Vipande vipya vimefika. Karatasi nyeupe imezisaidia rangi zako kama sabuni inavyomsaidia mwizi: sasa ni msafi, lakini ni yuleyule. Ya kwanza imekuwa ufizi mpya, wa siku ya kwanza kutoka kwa mtengenezaji meno. Ya pili sina la kuisema, na kwa rangi hilo ni tusi tosha.

Sheria ya baba naikumbuka, na nashukuru umeniletea mwenyewe mkononi. Mwenye chumba huchagua. Basi mwenye chumba amechagua bluu. Huyo Mkono Mmoja akwangue, apake mikono miwili, wewe usimame nyuma yake. Usiende hata kufungulia mteja mlango. Mwakani nitakuja, na safari hii nasema kweli. Mwakani.

Siku chache za bintiyo naona zimerefuka. Mumewe hajamwulizia?

Kaka yako


30 Juni

Kaka,

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Nguo nikiishona kwa hasira naifumua kesho yake, lakini barua ikishatumwa haifumuliki. Nikasubiri. Hasira haikupungua, basi nimeona niandike tu.

Shikamoo. Shemeji yako mzima.

Mumewe hajamwulizia. Mumewe alishaingiza mwingine ndani kabla huyu hajamaliza kufunga mizigo. Binti yangu alirudi hapa Januari na sanduku moja na feni. Nilikuandikia siku chache kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo alivyosema alipofika, na mimi nikalishika neno hilo, maana neno kaachwa lilinishinda kuandika. Wewe ndiye uliyempeleka shule kwa barua zako. "Asome, asome," kila mwezi. Kasoma. Anafanya kazi duka la dawa, watu wazima wanapanga foleni wamsikilize. Na analala karakana, kaka, chini ya meza ya kukatia, kwa sababu sakafu iliyobaki imeliwa na mashine. Asubuhi anakunja godoro kabla wateja hawajaja, anakwenda kazini na nyuzi kwenye nywele. Anafika kule anaambiwa na mwenzake, "Simama nikutoe uzi."

Na chumba cha uani kipo pale pale, kimefungwa, ndani kuna rafu iliyoinama kulia.

Nilimwambia aingie. Akasema, "Mama, chumba ni cha mjomba."

"Mjomba hayupo."

"Si atakuja mwakani?"

Sikujua kama ananicheka au anasema kweli. Huyu neno mwakani amelisikia tangu hajaota meno. Amelikuta ndani ya nyumba kama alivyolikuta kabati.

Siku moja nilimkuta amesimama mlangoni pako, nyuma ya kizingiti, anatazama ndani. Nikamwuliza, kingekuwa chako ungekipaka rangi gani? Akasema pinki. Mwanamke mzima, kapitia aliyoyapitia, kasema pinki bila kupepesa. Tena pinki ya kweli, akasema, si ya kuogopa. Nikavua tepu shingoni nikaenda dukani saa hiyohiyo. Walikuwa na mbili tu. Alipolisoma lile jina, Haya ya Bibi Harusi, alicheka kicheko ambacho sikukipenda.

Sikukuambia ni za nani kwa sababu sikutaka umhukumu. Ukamhukumu hivyohivyo. Barua ya ufizi aliisoma, akacheka vizuri. Ile ya kasoro ya malezi niliificha kwenye boksi la vifungo, akaiona alipokuwa akitafuta kifungo. Aliikunja kwa mikunjo yake ileile akairudisha kwenye bahasha, kama ambavyo ungefanya wewe.

Sasa nikuambie na mimi. Wifi alipofariki uliandika, "Sasa hakuna kinachonishika huku." Tulipiga deki chumba. Nilinunua godoro jipya na neti. Shemeji yako alilainisha lile dirisha kwa mafuta, na hakuna aliyemtuma. Godoro ndilo hilo analolalia binti yangu chini ya meza. Neti panya waliila ikiwa kwenye pakiti. Bluu unamlindia nani? Unaagiza rangi kama bwana mkubwa wa hotelini anayechukua chumba kisha halali humo.

Mimi simdharau mtu asiyerudi. Wengi hawarudi na watoto wanaitwa kwa majina yao, hakuna anayenuna. Ninayemdharau ni asiyerudi na asiyesema. Anataka apewe nafasi mezani kila siku, na sahani ibaki safi, na atuulize mbona tumeisogeza.

Usiniandikie mwakani. Niandikie unakuja, na mwezi wenyewe, nami nitapaka bluu mpaka darini na kumtafutia binti yangu pengine. Au niandikie moja au mbili.

Mdogo wako


14 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Sijapata kitu kutoka kwako tangu Mei.

Mkono Mmoja amehamia mtaa wa pili, anapaka ukumbi wa mikutano. Anasema rangi ikigandia kwenye makopo asilaumiwe yeye. Shemeji yako anasema huenda umekufa. Nimemwambia haiwezekani, ungekuwa umeshaandika kusahihisha tangazo la msiba.

Binti yangu bado yuko chini ya meza. Juzi aliniambia ameona chumba cha kupanga, ng'ambo ya soko, hakina dirisha. Akasema si neno, feni anayo. Anataka kwenda kukitazama tena mwisho wa mwezi ujao, akiafiki ahamie.

Nimeandika hivi tu ili usije ukasema hukujua.

Mdogo wako


9 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba, zote mbili. Sijafa, ingawa shemeji ana haki ya kukisia. Goti limezidi kuwa na maamuzi yake, na lifti imekufa kabisa, hiyo naweza kuthibitisha.

Kuhusu yule aliyekuwa mume wa bintiyo nilikuwa nimeandika kurasa tatu, na kwa kiwango cha kazi yangu zilikuwa nzuri. Nimezichana. Hastahili stempu.

Barua yako ya Juni nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mwanzoni nilikuwa natafuta mahali pa kukujibu kwa ukali. Nilipata mahali pengi, nikaandika, nikaacha. Kuna jambo la bwana mkubwa wa hotelini ambalo nililiandalia jibu zuri sana. Halitumwi.

Vile vipande vya karatasi nyeupe sikuvibandua. Vimekaa ukutani kando ya dirisha tangu Mei, navipita kila ninapokwenda kuweka maji jikoni. Ya kwanza ni ufizi na itabaki ufizi. Hapo sirudi nyuma hata hatua. Ya pili nimeitazama mvua ikinyesha na jua likiwaka. Kuna wakati wa mchana, wingu likisogea ghafla, inabadilika ukutani ikawa rangi ambayo siwezi kuitukana. Nimejaribu. Nimekaa kwenye kiti mbele yake nikitafuta neno, mimi ambaye sijawahi kukosa neno la kudharaulia kitu, na wingu likarudi kabla sijalipata.

Sasa nikujibu uliloniuliza, maana hukuniuliza habari ya rangi.

Wifi yako amelala mwendo mfupi kutoka kituo cha mwisho cha basi. Jumapili naenda. Nang'oa majani, napangusa jiwe, namsomea gazeti, hasa zile barua za wasomaji, ambazo alizidharau kuliko mimi. Alikuwa na kipaji. Kisha nakaa mpaka basi la kurudi. Mwaka ule nilikuandikia kwamba hakuna kinachonishika huku. Mambo yalikwenda kinyume: kabla ya hapo sikuwa nimeshikwa na kitu, tangu hapo nimeshikwa. Kando yake pana nafasi, na nafasi hiyo imeshaandikishwa kwa jina langu. Niliiandikisha siku nyingi. Kila nilipokuandikia mwakani, karatasi yake ilikuwa kwenye droo ya meza hii hii.

Nyumbani nawajua nyinyi, na njia ya kutoka uani mpaka barabarani naweza kuipita macho yamefungwa. Lakini aliye mzoefu wa njia hiyo ni kijana mwenye magoti mawili. Huyu wa sasa mngemsindikiza chooni na kumwuliza kwa sauti kubwa kama amelala vizuri. Mngenipenda, najua. Shemeji angenionyesha jino. Nami ningekaa sebuleni nikitazama matofali ya jirani, nikiwaza ni nani anayeng'oa majani Jumapili.

Sitachagua moja wala mbili. Usiseme ni kiburi. Au sema, lakini ujue si kiburi kitupu. Baba alisema mwenye chumba ndiye anayechagua, na mwenye chumba ni mtu anayelala humo, anayeamka humo, anayelijua dirisha lake siku za mvua. Mwite bintiyo. Asiende ng'ambo ya soko kukaa kwenye sanduku lisilo na dirisha. Mpe ufunguo mkononi, avuke kizingiti, afungue dirisha, akae humo asubuhi na mchana, kisha achague yeye. Akichagua ya kwanza nitamhurumia, ila sitaandika neno, na unajua hilo litanigharimu kiasi gani. Akitaka ya tatu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona, duka lipo.

Mwambie pia kwamba ile barua aliyoiona kwenye boksi la vifungo ilimhusu mtu nisiyemjua. Sasa namjua kidogo. Mtu anayeweza kusema pinki ya kweli, si ya kuogopa, ana macho mazima. Malezi yake sitayasema, nisije nikakusifu.

Vitabu avipekue. Atakavyovitaka ni vyake, vingine wape shule, na vile vya sheria za bandari vichome moto, sijui hata nilivipata wapi. Rafu ya juu aing'oe, imekuwa hatari. Huyo Mkono Mmoja mrudisheni, na kabla hajagusa brashi akwangue bluu yote, kuta nne, na chini ya dirisha zaidi, mpaka lipu ionekane. Asinionee huruma akaacha kipande kwa ukumbusho. Halafu mikono miwili. Simameni nyuma yake wewe na bintiyo, mmoja kila upande.

Mwakani msinitandikie kitanda, wala mwaka utakaofuata. Sitarudi.

Kaka yako